Sungura hai au sungura wa mashine: kuchagua kati ya mbio mbili za greihaundi wa Ireland

Mtu wa Ireland akikualika kwenda kutazama mbwa, muulize kwanza: mbwa wa uwanjani au wa shambani? Mnyama ni yuleyule greihaundi, kifua kipana, kiuno kimenywea kama cha nyigu, na wote wameandikwa kwenye daftari moja la nasaba. Wakati mwingine hata mwenye mbwa ni mmoja. Ila uwanjani mbwa sita wanafukuza chambo cha mashine kwenye njia ya mchanga, usiku, chini ya taa, na saa ndiyo inayotoa hukumu. Shambani mbwa wawili wanafukuza sungura hai, mchana, kwenye majani yaliyolowa baridi, na hukumu inatolewa na mwamuzi aliyepanda farasi.

Msomaji wa Nairobi au Dar aliyewahi kusimama kwenye duka la kubeti akitazama mbwa wa kompyuta huenda anazijua tayari rangi za uwanjani: 1 nyekundu, 2 bluu, 3 nyeupe, 4 nyeusi, 5 ya chungwa, 6 milia ya nyeusi na nyeupe. Hizo hazikubuniwa na kompyuta. Ndizo wanazovaa mbwa halisi Shelbourne Park, Dublin. Za shambani ni mbili tu, nyekundu na nyeupe.

Tunazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu mwenye mambo matatu ya kuamua: aende kutazama ipi, akichangia kununua mbwa ampeleke upande gani, na akimchukua mbwa aliyestaafu ajue anapokea mnyama wa namna gani.

Shamba ni mzazi, uwanja ni mtoto

Mbio za shamba zilikuwapo karne nyingi kabla ya taa za umeme. Kuanzia 1836 kombe lake kubwa lilikuwa Waterloo Cup, lililokimbiliwa Altcar, karibu na Liverpool. Aliyeitangaza Ireland kwenye kombe hilo alikuwa mbwa mdogo kutoka upande wa Dungarvan, kaunti ya Waterford: Master McGrath, mali ya Lord Lurgan. Alikuwa na uzito wa ratili 54, yaani kilo 24 na nusu hivi, ilhali madume wengi wa leo wanafika kilo 30 na zaidi. Alishinda 1868, akarudia 1869, na akashinda tena 1871. Mwaka 1870 barafu ya mto Alt ilipasuka chini yake akatumbukia, akashindwa. Alipelekwa akaonwe na Malkia Victoria, na mwaka huohuo wa 1871 akafa. Mnara wake bado umesimama kando ya barabara nje ya Dungarvan, na ni vigumu kupata mnara mwingine wa mbwa unaoheshimiwa kama huo nchini humo.

Chama cha mbio za shamba, Irish Coursing Club, kiliundwa 1916 na makao yake yako Clonmel, kaunti ya Tipperary. Mwaka 1923 kilitoa toleo la kwanza la daftari la nasaba la greihaundi wa Ireland, na tangu 1925 mashindano ya taifa yanafanyika Clonmel. Shika jambo hili kwa sababu ndilo funguo la mengine yote: hadi leo mbwa wa uwanjani anaandikishwa na chama hichohicho cha shamba.

Uwanja ulichelewa kuja, na haukufanikiwa mara moja. Mwaka 1876 huko Hendon, London, walijaribu sungura wa bandia aliyevutwa kwenye mstari ulionyooka wa yadi 400. Wazo lilikufa haraka, na sababu inaeleweka: kwenye mstari ulionyooka mbwa mwenye kasi anashinda daima, hapana kona, hapana akili, na mtazamaji anachoka. Owen Patrick Smith, Mmarekani, ndiye aliyekizungusha chambo kwenye njia ya duara, na 1919 akafungua uwanja Emeryville, California. Tarehe 24 Julai 1926 jambo hilo lilivuka bahari hadi Belle Vue, Manchester. Ireland haikungoja. Tarehe 18 Aprili 1927 ulifunguliwa Celtic Park, Belfast, na tarehe 14 Mei mwaka huohuo Shelbourne Park, Dublin. Harold's Cross, pia Dublin, ukafuata 1928.

Mbwa wa kujaza viwanja hivyo walitoka wapi? Shambani. Mick the Miller, aliyezaliwa 1926 katika kijiji cha Killeigh, kaunti ya Offaly, kwenye nyumba ya padri Martin Brophy, ni tunda la damu hiyo. Alipokuwa mdogo aliugua distempa, ugonjwa mkali wa mbwa, nusura afe. Mwaka 1929, kwenye mchujo wa Derby ya Uingereza, kombe kubwa la mbio za uwanjani, katika uwanja wa White City, London, akawa mbwa wa kwanza kukimbia yadi 525 chini ya sekunde 30: alitumia 29.82. Alichukua Derby hiyo, na 1930 akaichukua tena. Alipokufa 1939 mwili wake ulihifadhiwa, na sasa uko kwenye makumbusho ya Tring, Uingereza. Anayetaka kujua kwa nini watu wa Offaly wakitaja mbwa huyu sauti inabadilika, ajue kwamba alikuwa mtoto wa kijiji aliyekwenda mji mkuu wa wakubwa akawashinda wote mbele ya makumi ya maelfu ya watu.

Serikali iliingia 1958 kwa sheria iliyounda bodi ya greihaundi, Bord na gCon, yenye makao Limerick. Sheria ya 2019 ikaibadilisha jina kuwa Rásaíocht Con Éireann. Tangu 2001 upo mfuko wa serikali wa farasi na mbwa; farasi wanapata asilimia 80, greihaundi asilimia 20. Fedha hizo ni za uwanja.

Mshindi anapatikanaje

Simama karibu na mwachiaji, yaani mtu anayewashika mbwa wote wawili na kuwaachia, siku ya mbio za shamba ndipo utauelewa mchezo. Amejibanza nyuma ya kificho, ameinama, mkononi ana mkanda mfupi uliounganishwa na kola mbili pana. Ndani ya mkanda mna kamba nyembamba inayofungua kola zote mbili kwa mvuto mmoja. Mbwa wa kushoto amefungwa kitambaa chekundu shingoni, wa kulia cheupe. Sungura anatolewa nyuma yao, anawapita kwa pembeni, anashika njia ya katikati ya shamba. Mwachiaji haachii hapohapo. Anasubiri mbwa wote wawili wamwone, anakwenda nao hatua chache huku wamemvuta hadi mabega yamenyooka, anampa sungura makumi ya yadi mbele, halafu ndipo anavuta kamba. Mbwa mmoja akiwa bado anaangalia pembeni wakati kola inafunguka, amepoteza mbio kabla hazijaanza, na hakuna kamera itakayomrudishia. Ndiyo maana wenye mbwa wanauliza jina la mwachiaji kabla ya kuuliza jina la mpinzani.

Mbele ya sungura, mwisho wa shamba, pana uzio wa kutorokea ambao yeye anaujua na anaupenya kuingia mahali salama. Katika mbio za Ireland, ambazo shamba limezungushiwa uzio, kanuni ni fupi: mbwa wa kwanza kumfikia sungura na kumlazimisha kugeuka ndiye mshindi. Mwamuzi anapunga kitambaa chekundu au cheupe. Wasipomgeuza, mbio hazina uamuzi na zinarudiwa. Hii ni tofauti na mtindo wa zamani wa Altcar, shamba wazi lisilo na uzio, ambako alama zilihesabiwa kwa kila hatua: nani alitangulia, nani alimpita mwenzake, nani alimgeuza sungura mara ngapi. Kule mbwa mwerevu aliweza kumshinda mbwa mwenye kasi. Ireland imechagua kasi ya kufika kwanza.

Halafu kuna hesabu ya raundi. Ni mtoano. Mchujo wenye mbwa 64 unamtaka bingwa ashinde mara sita, na Clonmel hilo linafanyika ndani ya siku tatu. Mbwa wa uwanjani anakimbia mara moja usiku mmoja, sekunde 30, kisha anapumzika siku kadhaa. Tofauti hii ya raundi inaamua mambo mengi kuliko sungura mwenyewe, na tutairudia tukifika kwenye majeraha.

Uwanjani mbwa sita wanaingizwa vizimbani. Chambo, mdoli wenye manyoya kwenye reli, kinakuja kwa nyuma kikiongozwa na mtu wa mashine, kinavipita vizimba, milango inafunguka kwa pamoja. Urefu wa kawaida ni yadi 525, yaani mita 480. Derby ya Ireland, inayotambuliwa rasmi tangu 1932, ilihamia yadi 550 mwaka 1986 na inakimbiliwa Shelbourne Park. Usiitazame njia yote kwa uzito sawa. Tazama kona ya kwanza. Mbwa sita wanafika pale karibu kwa wakati mmoja wakitaka nafasi ya mbwa wawili. Kuna mbwa anayependa kubana ndani karibu na reli, na kuna anayependa kupanua nje. Wa ndani akipangiwa kizimba cha 5, atakata mbele ya wenzake kutafuta reli. Wa nje akipangiwa cha 1, atasukuma wote anaowakuta. Anayelipa gharama mara nyingi ni mbwa wa tatu ambaye hakuwa na kosa lolote. Kabla ya kumwamini mbwa mwenye muda mzuri, soma alikimbia kutoka kizimba gani.

Kuisoma kadi ya uwanja

Hapa uwanja unaushinda waziwazi mchezo wa shamba: kila kitu kina namba. Kadi inaonyesha muda wa mshindi, mbwa wako alishindwa kwa urefu wa mbwa wangapi, na hali ya njia usiku ule. Ireland urefu mmoja wa mbwa unahesabiwa sekunde 0.07 (Uingereza ni 0.08, kwa hiyo usichanganye kadi za nchi mbili).

Tuseme mshindi alitumia 28.60 na mbwa wako alikuwa nyuma kwa urefu tano. Tano mara 0.07 ni 0.35, kwa hiyo mbwa wako alitumia 28.95. Kama njia iliandikwa kuwa nzito kwa 0.20, labda mvua ilinyesha au mchanga ulilegea, toa hizo 0.20: makadirio yake ni 28.75. Namba hii ya mwisho ndiyo unayoilinganisha na mbwa wengine, wala si ile ya 28.95. Wageni wengi wanaikosa hatua hii, wanamdharau mbwa mzuri aliyekimbia usiku mbaya. Baada ya hapo angalia daraja: A0 liko juu kabisa, A10 chini. Mbwa akishinda anapandishwa, akishindwa mfululizo anashushwa, kwa hiyo mbwa aliyeshuka hivi karibuni bila kuumia anastahili kutazamwa mara mbili.

Shambani hakuna haya. Hupati muda wa kulinganisha wiki hii na ijayo, kwa sababu sungura ni tofauti, ardhi ni tofauti, na mpinzani ni tofauti. Unategemea macho yako: nani alitoka kwenye kola vizuri, nani alipumua kwa shida raundi ya pili. Kwa mtu anayependa ushahidi wa maandishi, shamba litamchosha. Kwa mtu anayependa kumsoma mnyama, uwanja utamfunga.

Mwili wa mbwa unavunjika wapi

Viwanja vinazungukwa kinyume cha saa, kona zote za kushoto. Kwenye kona, mguu wa nyuma wa kulia ndio wa nje, ndio unaobeba na kusukuma. Ndiyo sababu jeraha linaloogopwa zaidi uwanjani ni kuvunjika kwa mfupa wa katikati wa kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia. Mbwa anatoka kwenye kona akiuinua mguu, na kifundo kinavimba kwa upande wa ndani. Mwingine ni msuli mkubwa wa ndani ya paja, unaochanika na kushuka kama mfuko. Unauona kwa macho. Mchanga una mkono katika haya. Ukikauka unateleza kwenye kona, ukilowa kupita kiasi unamnasa mguu, na usipolimwa na kusawazishwa kati ya mbio, njia ya ndani inakuwa ngumu kuliko ya nje. Uwanja mzuri unaonekana kwa trekta na gari la maji linalofanya kazi katikati ya mbio. Ukikaa saa nzima bila kuviona, kaa na wasiwasi.

Shambani hakuna kona ya kudumu, basi kifundo cha kulia hakiteswi hivyo. Vidole ndivyo vinavyoteguka, na ngozi ya katikati ya vidole inapasuka ardhi ikiwa ngumu. Ardhi ikiganda kwa barafu mashindano yanaahirishwa, na mratibu asiyeahirisha hapaswi kupewa mbwa wako. Hatari kubwa kuliko zote ni uchovu wa misuli. Mbwa aliyekimbia raundi ngumu, labda akamfuata sungura baada ya kugeuka na kuendelea kuhangaika, misuli yake inaanza kuvunjika na kumwaga taka zake kwenye damu. Dalili: mgongo unakakamaa, anahema muda mrefu kuliko wenzake, hataki kuguswa kiunoni, na mkojo unatoka rangi ya chai ya rangi. Ukiuona mkojo huo, mashindano yameisha kwa mbwa huyo, hata kama amebakiza fainali. Mpoze, mpe maji kidogo kidogo, mfikishe kwa daktari wa mifugo awekewe dripu, kwa sababu figo ndizo zinazofuata. Wanaompumzisha saa moja na kumrudisha shambani wanamuua.

Kinga ni mazoezi. Mbwa wa uwanjani anaandaliwa kwa mbio fupi za kasi, kutoka kizimbani na kupita kona. Mbwa wa shambani anahitaji wiki nyingi za kutembea barabarani na kukimbia mteremko kwenda juu kabla ya msimu, ndipo moyo na misuli viweze raundi mbili kwa siku.

Sungura, na jeraha la kila upande

Sungura wa porini wa Ireland ni mnyama wao wa kwao, na nchi inampenda kiasi kwamba 1928 ilimweka kwenye sarafu ya peni tatu. Kwa mbio za shamba, vilabu vinamkamata kwa nyavu kwa leseni ya serikali, vinamweka kwenye eneo lenye uzio, vinamlisha, na kumzoesha njia ya kutorokea. Hatakiwi kukimbizwa zaidi ya mara moja kwa siku, daktari wa mifugo anatakiwa awepo, na mwishoni anarudishwa porini. Tangu 1993 mbwa wote wanavaa kikapu cha kufunga mdomo. Kabla ya hapo sungura walichanwa mbele ya watu.

Kikapu kimepunguza vifo. Hakijaviondoa. Mbwa wa kilo 30 akimgonga sungura kwa kikapu anaweza kumvunja, na sungura wengine wanakufa baadaye kwa hofu na kufungiwa. Kwa sababu hiyo England na Wales zilipiga marufuku kwa sheria ya 2004, Waterloo Cup ikakimbiwa mara ya mwisho Februari 2005, na Ireland ya Kaskazini ikapiga marufuku 2011. Katika Jamhuri ya Ireland mswada wa kupiga marufuku uliletwa bungeni 2016 ukashindwa, na mchezo bado ni halali. Mwaka 2019, ugonjwa wa kutoka damu wa sungura ulipogunduliwa porini, leseni zilisimamishwa kwa muda. Sisi tuliokulia na hadithi za Sungura anayewashinda wakubwa kwa ujanja tutaona haraka kwamba katika shamba lenye uzio ujanja wake umewekewa mipaka na binadamu. Mtu ambaye hawezi kulitazama hilo asijilazimishe kwenda kwa ajili ya kumridhisha mwenyeji wake.

Lakini asidhani uwanja ni safi kwa sababu sungura wake ni mdoli. Juni 2019 televisheni ya taifa, RTÉ, ilitangaza uchunguzi ulionukuu ripoti iliyokadiria kuwa greihaundi karibu 6,000 wanauawa kila mwaka kwa kukosa kasi ya kutosha. Kilio kilikuwa kikubwa. Sheria ya mwaka huo ilileta mfumo wa kumfuatilia kila mbwa tangu kuzaliwa hadi kustaafu. Kosa liko kwenye hesabu ya uzazi: kila mtu anazalisha watoto wengi akitafuta mmoja wa A1, na wale wengine wanahitaji mahali pa kwenda. Shambani sungura ndiye anayelipa, uwanjani analipa mbwa asiye na kasi, na mbwa asiye na kasi yuko shambani pia.

Ukitaka kuchangia mbwa

Watu wengi wanaingia kwa kikundi cha watu wanne hadi kumi. Ushauri wetu kwa anayeanza ni mbwa wa uwanjani, tena aliyekwisha kufanya majaribio ya saa, wa miezi 15 hadi 18. Mtoto wa mbwa ni bahati nasibu ya mwaka mzima wa chakula. Mbwa wa shambani anafaa kwa mtu anayeishi mashambani, mwenye muda wa asubuhi kila siku na anayekubali kwamba msimu wote unaweza kuisha kwa mvuto mmoja mbaya wa kola.

Kabla ya kutoa fedha, kagua kama anavyokagua ofisa wa uwanja kabla ya mbio. Fungua sikio moja kisha la pili: greihaundi wa Ireland ana herufi za wino wa kijani masikioni mwote, alizochanjwa akiwa mdogo. Zilinganishe na kadi yake ya utambulisho, si ile ya mbio. Kisha inua mguu mmoja mmoja na usome kucha. Kadi inaandika rangi ya kila ukucha, mweusi, mweupe au mchanganyiko, kwa sababu mbwa wawili weusi wanaofanana kama pacha hawafanani kucha. Mtu akikuharakisha hapa, ondoka. Mwisho pitisha mashine ya kusoma chipu.

Uliza mambo haya pia. Je, ni jike? Akipata joto atakaa nje kwa wiki nyingi, na inachukua muda kurudi kwenye kasi yake. Amewahi kuwageukia wenzake katikati ya mbio badala ya kufuata chambo? Uwanjani hilo ni kosa la kuondolewa hadi afanye jaribio la kusafisha jina. Anakula nini? Nyama yenye mabaki ya dawa ya ganzi au mkate wenye mbegu za mpopi unaweza kumfanya apatikane na dawa kwenye mkojo, na mwenye mbwa hatasikilizwa kwamba hakujua. Na mtu yeyote akikwambia atamnoa mbwa wako kwa mnyama hai mafichoni, huyo anavunja sheria. Mchukue mbwa wako siku hiyohiyo.

Zawadi za madaraja ya chini hazilipi ada ya mkufunzi. Ingia ukijua hivyo.

Kwenda kutazama

Uwanja upo mwaka mzima, jioni: Shelbourne Park, Curraheen Park ya Cork iliyofunguliwa 2000, Limerick iliyohamia Greenpark 2010. Kuna viti, chakula, paa. Harold's Cross haipo tena. Ilifungwa Februari 2017 na eneo likauzwa kwa wizara ya elimu ili kulipa deni la bodi. Shamba ni mwisho wa Septemba hadi mwisho wa Februari tu, mchana, ili sungura waachwe wazae kwa amani kuanzia masika. Vaa mabuti. Clonmel ni mwanzoni mwa Februari, na mji mzima unajaa.

Kwa familia yenye watoto, chagua uwanja bila kusita. Kwa mtu anayetaka kuona mchezo ulikotoka, Clonmel ndiyo shule, akiwa amekwisha kukubaliana na moyo wake kuhusu sungura.

Mbwa aliyestaafu

Wengi wanashangaa jinsi mbwa huyu anavyolala saa nyingi. Hajui ngazi, hajui kioo cha mlango, hajawahi kulala peke yake. Wa uwanjani alifukuza manyoya yaliyovutwa na reli. Wengi wanafundishika kuishi na paka, ingawa ni kwa wiki za kumfunga kamba ndani ya nyumba na kumvisha kikapu. Wa shambani amemwona mnyama hai akikimbia na akaachiwa amfuate, na somo hilo halifutiki kirahisi, kwa hiyo nyumba yenye paka au kuku si yake. Wote wawili wasifunguliwe kamba mahali pasipo uzio. Wanafika kilomita 60 kwa saa katika hatua chache, na wakishaona kitu hawasikii jina lao. Kola yake iwe pana, kama vidole vitatu, na ikae juu shingoni nyuma ya masikio: shingo ya greihaundi ni nene kuliko kichwa, na kola nyembamba ya mbwa wa kawaida inachomoka akirudi nyuma mara moja tu.